Tafsiri Rasmi ya Fataki

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi ovyo. Ukitaka kulitaja sharti ubane visigino na kutabasamu, na kwa kuwa mimi naandika nimekaa kitako, na wewe pengine unasoma umejilaza, tuiache bila jina, sote tubaki salama.

Kule watu walikuwa na furaha kupita kiasi. Jambo hili lilithibitishwa na Serikali yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa na mitambo ya kuipima. Palikuwa na Wizara ya Shangwe, Milio na Mapokezi, na bajeti yake ilizizidi za afya na maji zikiunganishwa, kwa sababu, kama Waziri mwenye dhamana alivyolieleza Bunge, mgonjwa akifurahi hupona na mwenye kiu akifurahi husahau. Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Dokta Bonavita Ndelembi. Wabunge waliinuka kumpigia makofi, na mmoja aliyechelewa kuinuka kwa sababu ya goti bovu aliomba radhi bungeni kwa niaba ya goti.

Ndani ya wizara hiyo kulikuwa na Kitengo cha Vigelegele, na kiongozi wake alikuwa Telesia Mbawala, mama mwenye sauti iliyoweza kusikika kutoka uwanja wa taifa hadi stendi ya mabasi. Kazi yake ilikuwa moja. Mkubwa akimaliza hotuba, Telesia anapiga kigelegele cha kwanza, wenzake wanadakia, na mafundi wa fataki waliojibanza nyuma ya jukwaa wanawasha tambi. Mafundi hao hawakuwa wakiona kitu, maana nyuma ya jukwaa palikuwa na pazia zito lenye picha ya Mtukufu Baba wa Shangwe, kiongozi wa nchi, na kuchungulia kupitia picha ile kulikuwa ni uhaini. Walitegemea masikio tu. Utaratibu huo ulipitishwa na Baraza la Mawaziri baada ya mjadala mrefu, kwa hoja kwamba si adabu fataki ianze kufurahi kabla ya wananchi. Basi kuanzia sikukuu za kitaifa mpaka uzinduzi wa choo cha soko, hapakulipuka fataki kabla Telesia hajafungua kinywa.

Na fataki kwa wakati ule ilikuwa fataki tu. Ilikuwa karatasi iliyoviringishwa, ndani ina baruti, nje ina utambi. Ukiiwasha inapanda, inapasuka, inatoa mlio na rangi, watoto wanashangilia na mbwa wanaingia uvunguni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, na hakuna aliyeiona kuwa neno la kutungiwa sheria.

*

Mtaa aliokaa Telesia ulikuwa na bomba la maji. Bomba hilo lilizinduliwa kila mwaka. Mheshimiwa Ndelembi anafika, anakata utepe, anapunga kitambaa chake cheupe, Telesia anapiga kigelegele, fataki zinapanda. Maji hayakuwahi kutoka hata tone, lakini bomba lilipakwa rangi mpya kila mara, na wataalamu wa nje waliofika kulikagua walikiri kwamba hawajaona bomba safi kama lile.

Mumewe Telesia, Mansueto, alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole mwenye utani wa chinichini. Mkewe akirudi kutoka kwenye uzinduzi, yeye humpokea kikapu na kumwambia, "Umepiga kigelegele tumepata moshi. Mwakani jaribu kulia, huenda tukapata maji." Telesia humwambia anyamaze, majirani wasije wakasikia. Halafu wanacheka wote wawili, mlango umefungwa.

Asubuhi moja wakazi wa mtaa ule walibeba ndoo tupu wakaenda nazo Ofisi ya Maji. Hawakuwa na mabango wala hawakuimba. Walitaka tu kuzionyesha ndoo, maana walifikiri, kwa ushamba wao, kwamba labda wakubwa hawajapata kuona ndoo isiyo na maji. Mansueto alikuwa mbele kwa kuwa ndoo yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Telesia alikuwa nyuma yake kidogo, mahali ambapo aliweza kuona kila kitu, na kila kitu alikiona.

Mheshimiwa Ndelembi alikuwa pale ofisini siku hiyo, kwenye baraza ya ghorofani, anakunywa maji baridi. Aliziona zile ndoo. Aliweka glasi chini, akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakishusha mara moja mbele ya askari waliokuwa wamejipanga chini yake. Telesia aliufahamu mkono ule kuliko mkono wa ndugu yake, kwa kuwa alikuwa ameutazama miaka nenda miaka rudi kutoka chini ya jukwaa.

Askari wakapiga. Watu wakaanguka. Mansueto aliinama juu ya ndoo yake kama mtu anayetafuta kitu ndani, na hakuinuka tena. Hapo sina utani. Telesia alimpakata palepale barabarani, akamwita, akamwita tena, mpaka ile sauti iliyokuwa mali ya Serikali ikakauka kabisa.

Taarifa ya habari ya siku hiyo ilianza kwa muziki wa matarumbeta. "Serikali," alisema msomaji, "inawapongeza wananchi waliojitokeza kwa wingi na ndoo zao kuishangilia Ofisi ya Maji. Serikali iliguswa sana, ikajibu kwa fataki. Baadhi ya wananchi walizidiwa na furaha. Sasa michezo."

*

Neno likishatoka kinywani mwa Serikali haliwezi kuachwa litangetange. Bunge liliitwa kwa dharura, na kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limepitisha Sheria ya Tafsiri ya Fataki, ambayo Mtukufu aliitia saini huku akisinzia, kama alivyofanya kwa sheria zote. Kifungu cha kwanza kilisema hivi: "Fataki maana yake ni mlio wowote utokao kwa Serikali kwenda kwa wananchi wake, na unaotokana na upendo." Kifungu cha pili kilikuwa kifupi: "Fataki haidhuru." Cha tatu kilieleza kwamba mtu atakayeanguka wakati wa fataki atahesabiwa kuwa ameanguka kwa furaha, na atabaki kuwa hai mpaka Serikali itakapoamua vinginevyo. Cha nne ndicho kilichokuwa na meno. Fataki zikilia, kila raia atasimama, atatabasamu na kupiga makofi, na yeyote atakayekimbia, kulala chini, kuziba masikio au kujificha atakuwa ametenda kosa la kuidhalilisha furaha ya taifa.

Mheshimiwa Ndelembi aliitetea sheria hiyo kwa machozi. Alisema amesikitishwa na magazeti ya nje yanayoandika neno jingine, neno la chuma, neno lisilo na utu, ambalo yeye kwa malezi aliyopata hawezi kulitamka. "Lugha yetu ni tajiri," alisema. "Kwa nini tuchague neno baya wakati zuri lipo?" Wasomi wa lugha walialikwa kutoa maoni na wakayatoa, kila mmoja akiwa na sahani ya pilau mbele yake. Wote walikubaliana kwamba tafsiri ni nzuri, na mmoja aliongeza kwamba ina mahadhi.

Shuleni watoto walifundishwa tafsiri mpya na kufanya mazoezi kwa vitendo. Mwalimu anapiga meza kwa rula, watoto wanasimama na kucheka. Aliyeshtuka alirudia darasa.

*

Telesia alikwenda hospitali kumchukua mumewe akamzike. Chumba cha maiti kilikuwa kimepakwa rangi ya waridi, na juu ya mlango pameandikwa MAPUMZIKO YA WASHANGILIAJI. Mhudumu, mwanamume mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala, alimzuia mlangoni.

"Mama, hapa hatuna maiti," alisema. "Tunao washangiliaji waliozidiwa."

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Huwezi kumchukua. Kibali cha mazishi ni cha mtu aliyekufa. Mumeo kisheria yuko hai, amezidiwa tu. Akizinduka tutamruhusu atoke mwenyewe."

"Baba, wewe umemwona. Ana tundu kifuani."

Mhudumu alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Nimemwona, mama yangu. Nimewaosha wote. Lakini nikisema nilichokiona, kesho nitalazwa humuhumu." Halafu akapandisha sauti tena ili wa ndani wasikie. "Ukija mara nyingine umletee suruali safi. Atakapotoka asitoke uchi."

Telesia alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, na kila mara aliambiwa mumewe anaendelea vizuri. Kulia hakuruhusiwa, kwa kuwa kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Matanga yalikatazwa. Shemeji yake Kandidus, mdogo wake Mansueto, alifunga kitambaa cheusi mkononi, akawekwa mahabusu mpaka alipokubali kwamba kitambaa kile kilikuwa cha rangi ya samawati iliyokolea.

Sasa nikuambie kilichokuwa moyoni mwa Telesia, maana hakikuwa huzuni tu. Ilikuwa chuki. Alimchukia Ndelembi kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu, akaamka nayo, akala nayo, akaitunza isichuje. Hakutaka fidia wala pole. Alitaka mambo mawili: mumewe alale ardhini kama watu, na mtu yule aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, ni kitu gani kilichomuua.

*

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Furaha ilikuwa inakaribia. Mheshimiwa Ndelembi alimwita Telesia ofisini, akamkaribisha kiti, akamwagizia soda.

"Mama Telesia," alisema, "nasikia mumeo alizidiwa pale Ofisi ya Maji. Hongera sana. Si kila mtu anajaliwa kufurahi kiasi kile. Sasa kuna maneno kwamba hutapiga kigelegele mwaka huu. Nimekataa kuyaamini. Mke wa mshangiliaji shujaa akikaa kimya, wananchi watafikirije?"

Telesia alikuwa amekuja kukataa. Jibu la kukataa lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Waziri alichukua kitambaa cheupe mfukoni akajifuta povu la soda mdomoni, na Telesia alipokiona kitambaa kile akili yake ikatulia ghafla, ikawa baridi kabisa.

"Nitapiga, mheshimiwa," alisema. "Nitapiga kama sijawahi kupiga."

"Ndiyo maana nakupenda," alisema Waziri. Akamweleza kwa fahari kwamba mwaka huu ameagiza aina mpya, fataki za mkanda, zilizofungwa pamoja kama shanga, ambazo hazitoi rangi hata kidogo bali hulia mfululizo, kwa ukali, ta-ta-ta-ta. Alizichagua yeye mwenyewe baada ya kusikiliza aina nyingi. Alitaka wananchi wauzoee mlio ule, wasiutilie maanani siku nyingine.

Kandidus aliposikia alimjia juu. "Shemeji, unakwenda kumpigia kigelegele muuaji wa kaka yangu? Tangu lini mfiwa akapiga kigelegele?"

"Mimi si mfiwa, shemeji. Soma sheria."

"Watu watatutema mate."

"Wewe njoo uwanjani," Telesia alimwambia. "Mate yako usiyateme, yatunze."

*

Uwanja ulifurika, kwa sababu kutofurika kulikuwa na adhabu. Jukwaani alikaa Mtukufu Baba wa Shangwe kwenye kiti chenye mito, amevaa koti refu la dhahabu, na tayari alikuwa amelala fofofo. Pembeni yake walijipanga mawaziri, majenerali na wake zao. Kila mmoja wao alikuwa na ratiba mkononi, na kwenye ratiba palikuwa na alama nyekundu pale fataki zitakapoanza, ili waheshimiwa wapate nafasi ya kuziba masikio kwa pamba na kuandaa nyuso. Wananchi hawakupewa ratiba. Wao walikuwa na kifungu cha nne.

Mheshimiwa Ndelembi alisimama kuhutubia. Alianza na historia ya furaha tangu enzi za mababu, akapita kwenye takwimu za tabasamu kimkoa, akaingia kwenye kiini.

"Ndugu wananchi, fataki ni nini? Wapo wapotoshaji wanaotaka kulichafua neno hili. Nawaambia, fataki ni busu la Serikali. Nani anayeogopa busu? Mwenye dhamira mbaya. Mimi Ndelembi fataki inaweza kulia sikioni mwangu nikaendelea kunywa chai. Anayejikunyata fataki ikilia, huyo ana jambo moyoni mwake, huyo anajua kitu..."

Telesia alikuwa chini ya jukwaa na wenzake, wamevaa sare za njano. Hotuba ilikuwa katikati. Hakuna aliyetegemea lolote. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akamkumbuka Mansueto ameinama juu ya ndoo, akafungua kinywa.

Waliokuwepo wanasema hawajawahi kusikia kigelegele kama kile. Hakikuwa cha harusi wala cha uzinduzi. Kilianza juu na kikabaki juu, kikapita kwenye mapazia na kwenye picha ya Mtukufu, kikawafikia mafundi kule nyuma. Mafundi walikuwa watu watiifu. Walisikia kigelegele, wakawasha.

Ta-ta-ta-ta-ta.

Wananchi walisimama, wakatabasamu, wakapiga makofi. Hakuna mtoto aliyekimbia wala bibi kizee aliyeinamisha kichwa, maana mazoezi yalikuwa yamefanyika nchi nzima na watu walikuwa wamefuzu. Jukwaani ndiko kulikotokea mambo. Jenerali mwenye medali kutoka begani hadi kiunoni alijitupa chini ya meza ya maua. Waziri wa Ujasiri alimkanyaga mkewe akatafuta mlango. Jaji Mkuu alijifunika zulia. Na Mheshimiwa Dokta Bonavita Ndelembi, aliyekuwa ameshika kipaza sauti, alitoa mlio mwembamba uliosikika kwenye spika zote, akarudi nyuma kwa magoti, akaukumbatia mguu wa Mtukufu, akaingiza kichwa chini ya lile koti la dhahabu. Televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja.

Mtukufu aliamshwa na uzito mapajani. Alifungua macho akaona wananchi wake wamesimama wanamshangilia, na serikali yake imelala kifudifudi. Alitazama chini akaona makalio ya Waziri wake. Zilipokwisha fataki uwanja mzima ulikuwa bado unapiga makofi, kwa sababu sheria haikusema waache lini.

*

Kesi ilifanyika uwanjani hapohapo, kwa kuwa Mtukufu alikuwa amekasirika na hakutaka hasira yake ipoe. Jaji Mkuu alikuwa amejivuta kutoka chini ya zulia, akaeleza kwamba alikuwa analikagua. Wakubwa wengine nao walikuwa na sababu zao, zikapokelewa. Mtukufu hakuwa na shida nao. Alimtaka mmoja tu, yule aliyemfanya kuwa mwavuli.

Kwanza aliitwa Telesia aeleze kwa nini alipiga kigelegele kabla ya wakati.

"Nilifurahi," alisema. "Hotuba ilinichoma. Nilijaribu kujizuia, lakini nikakumbuka kwamba kuzuia furaha ni kosa."

Jaji alifungua sheria, akakuta ni kweli, akaifunga. "Ulimwona mshtakiwa akifanya nini?"

"Nilimwona akiogopa fataki," alisema Telesia, na alisema polepole, akimtazama Ndelembi usoni. "Mtoto wa darasa la kwanza pale alikuwa anapiga makofi. Mheshimiwa alikuwa chini ya koti la watu, anaogopa karatasi."

Watu walicheka. Kicheko kile hakikuwa kimeagizwa na wizara yoyote, na Ndelembi alikitambua kwa ugeni wake. Uso ulimvimba. Angeweza kukubali kosa, akatozwa maneno makali, akarudi kazini baada ya mvua moja. Lakini mtu aliyezoea makofi hawezi kucheka pamoja na wanaomcheka.

"Mimi si mwoga," alifoka. "Nilimkinga Mtukufu kwa mwili wangu. Nilikuwa tayari kufa kwa ajili yake."

"Kufa kwa fataki?" aliuliza Jaji. "Fataki haidhuru. Kifungu cha pili."

"Sikujua ni fataki. Nilijua ni risasi."

Lile neno lilianguka pale uwanjani, na watu wakalitazama kama jamaa aliyerudi kutoka kifungoni. Hata Jaji alisita. "Risasi," alisema, akilionja. "Wewe, mheshimiwa, risasi uliisikia wapi ukaijua? Nchi hii haijawahi kupiga raia wake risasi. Wewe mwenyewe ulituambia hivyo."

"Niliisikia Ofisi ya Maji," alisema Ndelembi. Alikuwa ameshika njia ya ushujaa na hakuona inakompeleka. "Mlio ulikuwa uleule, sawasawa. Hakuna mtu hapa anayeweza kunifundisha mlio wa risasi. Nilisimama juu yake kabisa."

"Pale palikuwa na fataki," alisema Telesia.

"Palikuwa na risasi, mama, acha ubishi. Niliamuru mwenyewe. Nitashindwaje kujua nilichokiamuru?"

Alipofunga mdomo ndipo masikio yake yakayapokea maneno yake. Alipapasa mfuko akitafuta kitambaa ajifute jasho, akakipata, akakitazama, akakirudisha.

"Kwa hiyo mume wangu amekufa," alisema Telesia.

Jaji alimtazama Mtukufu. Mtukufu alikunja uso wa huzuni, uso aliokuwa nao tayari kwa ajili ya mafuriko. "Kumbe zilikuwa risasi," alisema. "Nimedanganywa kama nyinyi, wanangu." Akaamuru Ndelembi afungwe. Watu walikumbuka sheria ilitiwa saini na nani, lakini hawakusema. Telesia naye alimtazama kwa muda, akamweka kiporo.

Mtukufu, kwa huruma zake, alimwambia mjane achague anachotaka. Akamtajia doti za khanga zenye picha yake. Akamtajia mtaa kupewa jina la marehemu. Akaahidi kuja kulizindua bomba yeye binafsi.

"Nataka mume wangu nimzike," alisema Telesia. "Na kabla huyu hajapelekwa jela, nataka aje asome wasifu."

*

Kule, kama ilivyo katika nchi nyingi za kweli, mtu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijashuka husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alimwoa nani, na mwisho kabisa alikufaje. Anayesoma huwa ni mtu anayemjua marehemu vizuri. Wazee wa ukoo walishangaa msomaji kuletwa na polisi, na Telesia aliwajibu kwamba katika ukoo wote hakuna aliyekijua kifo cha Mansueto kuliko mtu yule.

Makaburini watu walilia. Walilia kwa sauti, kwa malimbikizo, na hakuna aliyewaambia kwamba ni uchuro. Ndelembi alisimamishwa kwenye ukingo wa kaburi, viatu vyake vya kung'aa vimeingia udongo, karatasi mikononi. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa katika familia ya wakulima. Alisoma kwamba alikuwa fundi baiskeli, na mpole, na mwenye utani. Alipofika mwisho, sauti ikapungua.

"Marehemu alifariki kutokana na tukio," alisema.

"Tukio gani?" aliuliza Telesia.

"Tukio la... milio."

"Hujasoma kilichoandikwa."

Ndelembi alitazama polisi waliomleta. Walikuwa wanatazama jeneza. Alimtazama padri, naye alikuwa anasubiri kama wengine. "Alifariki kwa risasi," alisema.

"Iliyopigwa na nani?"

"Na askari."

"Aliyetumwa na nani?"

"Na mimi," alisema Ndelembi. "Niliwashushia kitambaa."

"Rudia. Waliokaa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Telesia akasema bado, akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii Kandidus alipiga magoti akaweka paji la uso kwenye mchanga. Telesia hakuona huruma. Alijichunguza kama ipo, akakuta haipo, akashukuru. Alipotosheka ndipo alipoashiria jeneza lishushwe. Alichota udongo kwa mikono yake miwili, akautupia, akamwambia mumewe maneno ambayo hayatuhusu.

Ndelembi alikunja ile karatasi akaanza kugeuka. Polisi hawakusogea. Nyuma ya Telesia alikuwa amesimama mama mmoja, ana jeneza la mwanawe na wasifu mkononi. Nyuma ya mama huyo alikuwepo mzee na jeneza, na nyuma ya mzee wengine, mstari umepita lango la makaburi na kukata kona ya barabara, kwa maana Mapumziko ya Washangiliaji yalikuwa yamefunguliwa asubuhi ile, na mhudumu alikuwa amewaruhusu wote.

Waziri aliutazama mstari ule mpaka macho yakashindwa kuuona mwisho wake. Aliuliza, kwa sauti iliyoanza kukauka, kama haiwezekani asome mara moja kwa niaba ya wote, kwa kuwa chanzo cha kifo ni kimoja.

"Haiwezekani, mheshimiwa," alisema Telesia. "Kila mmoja alikufa peke yake."